Tangazo lisilomfukuza msomaji

Wenzangu mnaoandika habari za korosho mtandaoni huku Mtwara, bei ya mnada ndiyo inayomleta mkulima. Ikae juu kabisa, tangazo lifuate chini. Tangazo likifunika skrini nzima, simu ndogo inakwama, bando linaisha, na msomaji harudi tena. Picha ya tangazo ipunguzwe hadi chini ya KB 100. Duka la salfa litangazwe Mei, kabla watu hawajaanza kuipulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Ikifika Oktoba mkulima anawaza magunia na malipo ya AMCOS, chama chake cha ushirika, basi. Kilicholipiwa kiandikwe TANGAZO, kwa herufi kubwa. Na mwenye duka akitaka uisifie dawa usiyoijua, mrudishieni hela yake, jamani. Shamba la mtu hilo.