Hizi shoo za makorokoro zitanimaliza

Jamani nilisema naangalia American Pickers kidogo nilale, ile ya jamaa wanaozunguka Marekani na gari wakichokora maghala ya wazee, nikajikuta saa nane usiku nimekodoa macho nangoja mzee akubali kuuza bango lenye kutu la kituo cha mafuta. Na mzee hauzi! Anapangusa vumbi, anahadithia babake alivyolipata, ukigeuka bei imepanda, na hapo ndo utamu wenyewe kwa kweli.

Antiques Roadshow ya BBC ipo tangu 1979 na haina makelele, watu wanapanga foleni na vyombo vya bibi zao, mtaalamu anageuza chini anatafuta alama ya kiwanda, mwenye chombo anajifanya hela si ishu, uongo mtupu, akitajiwa tu macho yanamtoka haha. Pawn Stars, ile ya duka la rehani huko Las Vegas, ndo fujo, mtu anaingia na ndoto ya maelfu anatoka kanuna maana duka nalo linataka faida.

Za msosi zinanichosha, jaji anaonja kijiko kimoja, muziki wa kutisha, halafu matangazo, aah. Ila Anthony Bourdain, yule mpishi wa Marekani aliyekuwa mtangazaji, namtoa humo, shoo yake Parts Unknown ilianza 2013 na chakula kilikuwa kisingizio tu cha kupiga stori na watu, hadi Obama alikaa naye kwenye kistuli cha plastiki Hanoi, Vietnam, 2016 wakala tambi na bia. Mwenye kujua ingine ya hivyo aniwekee jina hapo chini plizi.