Mlima niliouandika ulipomeguka kweli

Sura ya tisa ya riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na mlima unaotembea. Niliiandika mwaka 2023 kwa furaha tupu. Usiku mlima unainuka, unabeba kijiji kizima mgongoni pamoja na migomba yake, na kunapokucha watu wanajikuta nchi nyingine, hakuna aliyepoteza hata kikombe.

Aprili 2024 mvua zilitunyeshea Mbeya bila kupumzika, na Mlima Kawetere ukameguka juu ya Itezi. Tope likafukia nyumba za watu na shule. Tulikwenda na majembe, mimi na majirani zangu wa Uyole. Kitu ambacho hakijanitoka hadi leo ni mlango mmoja wa bati. Ulikuwa umesimama wima katikati ya tope, kufuli lake limefungwa, nyuma yake hakuna chumba. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika ufunguo. Tulichimba mpaka jioni, na muda wote ule hakuuachia.

Miezi mitatu sikugusa daftari. Niliona aibu kuandika fantasia wakati watu wanalala kwa ndugu zao. Bibi yangu wa Tukuyu ndiye aliyenirudisha. Aliniambia, "Mjukuu wangu, sisi tukisimuliwa Ziwa Ngosi tulikuwa tunatetemeka. Hadithi ya ziwa ilitufundisha kuyaogopa maji. Wewe mlima wako haumuogopeshi mtu."

Alisema kweli. Mlima wangu ulikuwa hauna gharama. Katika hadithi za ajabu unaweza kubuni chochote, ila kila ajabu lazima imgharimu mtu, na msomaji amwone huyo anayelipa. Wenzangu wengi wanaoanza wanahangaika na majina ya falme na ramani. Mimi ningewashauri waanze na bei ya mchele katika huo ufalme wao. Mtu anayetoka kununua kilo moja sokoni Mwanjelwa atakuamini ukimwambia joka limepandisha bei. Habari za leo zinaingia hapo, bila mwandishi kuhubiri.

Nikaandika upya. Mlima bado unatembea, lakini nyuma anabaki mwanamke mwenye ufunguo. Kabla ya kuendelea nilimtafuta yule mama wa Itezi nikamwomba ruhusa. Alifikiri kidogo akasema, "Andika, mwanangu. Ila usiseme tulijitakia." Sentensi hiyo niliibandika ukutani juu ya meza yangu, na ilinifutisha aya nyingi ambazo zilikuwa zikiwalaumu wanakijiji bila mimi kujua.

Kuchapisha kulikuwa na taabu yake. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada miezi sita, akajibu kwamba fantasia ya Kiswahili haina soko, nimletee kitabu cha shule. Sikubaliani naye kabisa. Watu waliokulia kwenye hadithi za Ngosi na Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba lisilojengwa na mtu, watakosaje hamu ya maajabu? Tatizo ni kwamba vitabu haviwafikii. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu imeanza kuwainua waandishi wa riwaya, nami naishukuru, ila wanaoshinda ni wachache na sisi wengine tunabaki na miswada.

Basi nikachapisha mwenyewe. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, niliipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Kiwandani nikajifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: kurasa zilihesabiwa kwa mafungu ya 16. Mswada wangu uliopangwa ulikuwa na kurasa 214, kwa hiyo ningelipia 224, kumi zikiwa tupu. Nikakata kurasa sita, zikabaki 208. Zilizokatwa zilikuwa maelezo ya mavazi ya mfalme, na riwaya ikapumua.

Nakala 300 zilikuja kwa basi. Nyingi niliziuza Agosti kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, meza yangu ikiwa jirani na wauza miche ya parachichi. Wakulima walinunua kuliko nilivyotegemea. Baba mmoja alichukua tatu, moja kwa kila mtoto.

Nakala ya yule mama nilimpelekea mwenyewe, kwenye chumba alichopanga. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo mjukuu wake akamsomea sura ya tisa tukiwa tumekaa mkekani. Alipofika kwenye ufunguo, mama akainua mkono.

"Hapo," akasema. "Rudia hapo."