Jiki ya kutengenezea ketoni: ipime kwanza

Kugeuza alkoholi kuwa ketoni kwa jiki kunawezekana kabisa katika maabara ya kawaida hapa Tanga, bila daikromati, kioksidishaji cha zamani, na taka zake za kromiamu(VI), ambazo husababisha saratani na hazina pa kumwagwa. Kazi ikiharibika, wa kwanza kushukiwa ni jiki yenyewe. Haipokloraiti, kemikali inayofanya kazi ndani ya jiki, huvunjika kwa joto na mwanga ikabaki kloraidi na kloreti, kwa hiyo chupa iliyoanikwa juani mbele ya duka la Ngamiani inaweza kuandikwa asilimia 3.5 na ndani haifiki hapo. Usiamini lebo.

Chukua ml 10 za jiki, ongeza maji hadi ml 100. Pima ml 10 za mchanganyiko huo kwa pipeti, weka gramu 1 ya potasiamu iodaidi na ml 10 za asidi asetiki ya 2 M (M ni moli kwa lita), kisha dondoshea sodiamu thaiosalfeti ya 0.1 M kutoka kwenye biureti. Wanga uweke rangi ikishakuwa njano hafifu. Ukiuwahisha hung'ang'ania iodini na kikomo, yaani pale buluu inapotoweka, hakionekani vizuri. Kila ml 1 ya thaiosalfeti ni sawa na 0.05 M ya haipokloraiti katika jiki ya awali. Jiki isiyoharibika ya asilimia 3.5 hutumia karibu ml 9.4, yaani 0.47 M.

Gramu 10 za sikloheksanoli, alkoholi tunayoigeuza hapa, ni moli 0.1, ipe moli 0.115 za haipokloraiti. Kwa 0.47 M ni ml 245, kwa 0.30 M ni ml 383. Hapo ndipo jiki dhaifu inapokugharimu: ketoni huyeyuka majini karibu gramu 8 kwa kila ml 100, na maji yakizidi mavuno yanapungua.

Changanya alkoholi na ml 12 za asidi asetiki isiyo na maji, weka chombo kwenye barafu, ndani ya kabati la kutolea hewa chafu. Dondosha jiki kwa nusu saa, joto lisivuke 35°C. Barafu ya wauza samaki inatosha. Asidi hidrokloriki usiisogeze hapa, itatoa gesi ya klorini. Koroga dakika 20 zaidi, kisha jaribu tone kwenye karatasi ya iodaidi na wanga. Isipogeuka buluu, alkoholi bado ipo. Ongeza jiki kidogo. Ikigeuka, ua ziada kwa sodiamu baisalfaiti, matone machache tu, maana baisalfaiti nyingi hujishika na ketoni. Sodiamu kaboneti, gramu 12 hivi zikiwekwa kidogo kidogo, humaliza asidi na kuiachia ketoni iliyoshikwa.

Usijaribu kuitenga ketoni moja kwa moja. Chemsha, kusanya ml 60 za mwanzo zinazotoka pamoja na mvuke, tia gramu 12 za chumvi, ndipo tabaka la juu litajitokeza. Likaushe kwa magnesiamu salfeti kavu, kisha lichemshe tena: ketoni safi hutoka kwenye 155°C. Ukiipima kwa infraredi, mpigo mpana karibu na 3300 cm⁻¹ ni alkoholi iliyobaki, au maji. Wa ketoni uko 1715 cm⁻¹.

Alkoholi za daraja la kwanza, zenye OH kwenye kaboni ya mwisho, ni suala jingine. Kwa njia hii aldehaidi haisimami, huendelea hadi asidi au esta. Kwa hizo tumia kichocheo kiitwacho TEMPO, asilimia 1 ya moli, na potasiamu bromaidi asilimia 10, kwenye 0°C, jiki ikiwa imeshushwa kwa sodiamu baikaboneti hadi pH 9 hivi, na uisimamishe mara alkoholi inapokwisha.

Na vyombo vyenye mabaki ya jiki usivisuuze kwa asetoni. Hutoa klorofomu na joto kali. Suuza kwa maji kwanza.