Kura 58 za Mwalimu

Msimamizi wa kituo alikuwa akiinua kila karatasi hadi usawa wa taa, anatuonyesha mawakala, kisha anataja. Kura za urais zilipokwisha kuhesabiwa, chama chetu kilikuwa na kura 3. Moja ilikuwa yangu.

Ilikuwa usiku wa Jumapili, 25 Oktoba 2015, kwenye darasa la shule ya msingi katika mitaa ya milimani hapa Mwanza, nyumba zinapoota juu ya mawe. Tangu saa 1 asubuhi kituo kilipofunguliwa sikuwa nimetia kitu tumboni zaidi ya chai. Wakala wa chama tawala, kaka mmoja jirani yetu kabisa, alimega muhogo wake wa kuchoma akanisogezea nusu bila kusema neno. Nikala huku nikiandika zile 3 kwenye daftari langu.

Nilikuwa wakala wa ACT-Wazalendo. Chama kilikuwa kimepata usajili wa kudumu Mei 2014, mwaka mmoja na nusu tu nyuma, na kilibaki nje ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Mwaka ule mtu wa tatu alikuwa na kazi ngumu kusikika kanda ya ziwa. Magufuli, mgombea wa chama tawala, alikuwa mtoto wa Chato, kando ya ziwa hilihili, na wengi walimwita wa kwetu. Lowassa, mgombea wa CHADEMA, naye alikuwa na UKAWA yote nyuma yake, na CHADEMA ndiyo iliyochukua majimbo yetu ya Nyamagana na Ilemela mwaka 2010. Mgombea wetu, Anna Mghwira, alikuwa mwanamke pekee katika kinyang'anyiro cha urais, na nilimwamini kwa moyo wote. Lakini katikati ya mafahari wale wawili, bendera yetu ya zambarau ilikuwa ngeni hata kwa majirani zangu.

Ubunge haukutupa faraja. Ndipo likafunguliwa sanduku la udiwani, ambako mgombea wetu alikuwa mzee wa mtaani tuliyemwita Mwalimu.

Karatasi ya kwanza, Mwalimu. Ya pili, ya chama tawala. Ya tatu, Mwalimu. Nikakaa wima. Ilipofika 20 nikaanza kuchora vijiti kwa mkono unaotetemeka, vinne na kimoja cha kufunga, vinne na kimoja cha kufunga. Ziliishia 58. Wapiga kura walewale, foleni ileile, wino uleule kwenye kidole: urais 3, udiwani 58. Hatukushinda kituo wala kata. Kwa kata nzima Mwalimu alishika nafasi ya tatu. Nilipotia sahihi Fomu namba 21C, ya matokeo ya udiwani, na kupewa nakala yangu, niliikunja mara nne nikaitia ndani ya kanga, nikateremka mlimani na mbalamwezi iliyokuwa karibu kujaa, mawe yote meupe kama mchana.

Alhamisi, tarehe 29, Tume ikatangaza: Mghwira kura 98,763, asilimia 0.65, wa tatu kitaifa. Bungeni tulipata jimbo moja tu, Kigoma Mjini, kwa Zitto Kabwe.

Jumapili iliyofuata tukakutana watu tisa nyumbani kwa mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. Mwenyekiti wetu, mzee niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo, alikuja na mpango: matawi kila kata ya wilaya ndani ya mwaka mmoja, bendera, mihuri, ofisi ya kupanga. Aliusoma amesimama. Nilitaka kumpigia makofi, kwa sababu baada ya wiki kama ile mtu anatamani kusikia kitu kikubwa.

Mama mwenye nyumba akamsubiri amalize, akasema, "Shikamoo tena, Mwenyekiti. Niulize?"

"Marahaba. Uliza, mama."

"Dagaa unawaanika wapi?"

Mzee akanyamaza.

"Mimi huanika pale ambapo jicho langu linafika na mkono wangu unaweza kufukuza kunguru. Nikipewa ufukwe mzima leo, jioni sina dagaa. Hizi 58 za huku mlimani, nani anazilinda?"

Hapo ndipo kikao kilipoanza kweli. Nikakunjua fomu yangu juu ya gunia, wenzangu nao wakatoa za vituo vyao, tukazilinganisha. Kila kituo kilichokuwa karibu na nyumba ya Mwalimu, namba ya udiwani ilikuwa mbali juu ya ile ya urais. Tulipoteremka kuelekea barabarani, zikawa karibu sawa, zote kiduchu. Mwalimu alikuwa mstaafu. Miaka yote ile alikuwa akikaa barazani kuwaandikia watu barua: za mafao, za uhamisho wa watoto shuleni, za maji. Alikuwa na daftari lenye kila kaya inayopanda yale mawe na ndoo kichwani. Watu walimpigia mtu waliyemjua. Chama kilikuwa jina lililoandikwa pembeni ya picha yake.

Mwenyekiti iliniuma kumwona akikunja karatasi zake. Lakini ni yeye mwenyewe aliyesema, baada ya kimya kirefu, basi tushike mitaa mitatu tu hadi uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, na kila mtaa tupate mtu mmoja wa kukaa barazani kama Mwalimu. Mama wa dagaa akaongeza jambo ambalo sisi wa mlimani tusingelifikiria. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa hupumzika nchi kavu. Kwa hiyo vikao vya kule ufukweni viwe mbalamwezi. Akasema pia kwamba siku ya kura vijana wengi walikuwepo pale Mwaloni, ila walikuwa wamejiandikishia visiwani, wakabaki kutazama foleni. Hilo nalo likaandikwa: kuwakumbusha mapema kuhamisha taarifa zao.

Njia haikuwa nyoofu. Juni 2016 mikutano ya hadhara ilizuiwa, na uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2019 tuliokuwa tukiusubiri kwa miaka minne, chama kikajitoa pamoja na vyama vingine vya upinzani. Nililia siku ile. Ila vikao vya barazani havikuhitaji jukwaa wala kipaza sauti, na mitaa yetu mitatu ilikuwa navyo muda wote huo.

Jioni ile ya kikao, nilimsindikiza Mwalimu kupanda hadi kwake. Tulipofika, mwanamke mmoja alikuwa amekaa barazani na bahasha mapajani. Akaamkia, kisha akasema bila kuzunguka, "Mwalimu, mimi sikukupigia. Nilimpigia yule mwingine. Nimeona nikwambie mwenyewe, halafu ndiyo niombe barua yangu."

Mwalimu akavuta kiti, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Wabeja, asante kwa kuniambia. Tuliishia wapi, mama? Kwenye jina la marehemu au namba ya hundi?"