Ndoo ya koki

Leo nimeamka saa nane usiku kwa sababu ya maji. Huku Tabata zamu yetu ya mgao ilikuwa jana mchana na hayakuja, sasa usiku nikasikia bomba la nje linakoroma hewa, nikaruka kitandani bila hata kandambili, nikakinga ndoo, madumu, masufuria ya shughuli, beseni la kufulia, mpaka ile ndoo ya koki iliyokuwa stoo imejaa matambara nikaitoa nikaisuuza nikaijaza. Saa kumi yakakata. Usingizi umeshapaa, nimekaa jikoni nasubiri kukuche.

Ndoo hii niliinunua Kariakoo Machi 2020, wiki ileile alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona kule Arusha na shule zikafungwa. Tuligombania ndoo siku ile jamani. Nikaiweka juu ya kigoda mlangoni, haingii mtu mpaka anawe, hata baba mdogo aliyekuwa anakuja kila Jumapili kumsalimia mama, alikuwa ananung'unika lakini ananawa mpaka kwenye viwiko. Watoto wakakaa nyumbani hadi mwisho wa Juni. Mama kazi yake ilikuwa nyungu, mchaichai na mkaratusi na mwarobaini, tunajifunika blanketi mmoja mmoja, mwarobaini wa jirani ukabaki fito tupu maana mtaa mzima tulikuwa tunachuma palepale.

Februari 2021 baba mdogo akaugua siku tano akafariki. Pale msibani watu walisema "changamoto ya upumuaji" na hakuna aliyeongeza neno. Mpaka leo tukimtaja tunaishia hapohapo. Mimi naamini ilikuwa corona na inaniuma kwamba hatukuweza hata kulia kwa jina la kilichomchukua. Chanjo ilipozinduliwa Julai mwaka ule mama ndiye aliyenishika mkono akasema twende, njia nzima hakuongea.

Halafu Februari 2022 ikaja vita ya Ukraine. Binti yangu yuko darasa la tano, akaniuliza mama Ukraine ni mbali? Nikamwambia mbali sana. Lakini ile nchi ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kuuza nje mafuta ya alizeti, na Indonesia nayo mwishoni mwa Aprili ikazuia mawese yake yasitoke kwa wiki kadhaa, basi dukani kwa Mangi bei ya mafuta ya kupima ikawa inabadilika kila ukienda. Petroli ndo usiseme. Mume wangu anaendesha bajaji, siyo yake, hesabu ya tajiri iko palepale iwe kuna abiria iwe hakuna, na Agosti lita moja hapa Dar ilifika 3,410. Kuna siku alirudi na elfu tatu mkononi, akaiweka mezani akaenda kulala bila kula.

Mama akashika jiko. Chapati ikawa ya Jumapili tu. Akimaliza kukaanga samaki anaacha mafuta yapoe, anayachuja kwa kitambaa cheupe taratibu mpaka tone la mwisho kwenye chupa ya asali, yale yanaunga mchicha siku mbili. Mkono wake unatetemeka kidogo siku hizi lakini hamwagi.

Kinachonikosesha raha hasa ni mkaa. Mwezi wa saba gesi iliisha, nayo bei imeshapanda, hela yote ikawa imeenda kwenye madaftari na sare, nikarudi kwenye mkaa wa kopo nikijua fika unakotoka. Mama ni Mluguru wa Matombo kule Morogoro, maji ya milima ile ya Uluguru ndiyo yanayoshuka kuingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo tunayoitegemea karibu jiji zima. Anasema vijito alivyokuwa anavuka amepandisha khanga magotini, mwaka juzi alipoenda kuzika alivipita na viatu vyake miguuni. Vuli haijanyesha ya maana, ni kweli, lakini tunakata miti na moto tunachoma mpaka kwenye vyanzo, halafu tunashangaa bomba kukoroma hewa. Nikiwasha jiko asubuhi nikaona lile gunia pembeni ya madumu matupu nasikia vibaya kabisa, yaani vita ya huko imepandisha gesi, gesi imenirudisha kwenye mkaa, na mkaa unakula maji ya wanangu. Mama hakusema kitu, alienda tu kuomba mche wa mwarobaini kwa yule jirani tuliyemmalizia majani, akaupanda nyuma karibu na karo. Una majani kama kumi hivi.

Kumekucha. Binti ametoka chumbani macho hayajafunguka vizuri, ameikuta ndoo ya koki juu ya kigoda kilekile, na kabla hata hajamwamkia bibi yake amefungua na kuanza kunawa, vidole kimoja kimoja, kama alivyofundishwa akiwa mdogo. Maji ya kupikia yale. Nilitaka kumkataza nikashindwa, nimesogeza tu beseni chini ya mikono yake, nikitoka naenda kuumwagilia mwarobaini.