Ukitaka kujua kundi linauzwaje, tazama pindo la sketi

Mimi ni fundi wa kushona, na makundi ya aidoru ya Japani, yaani wasichana waimbaji na wachezaji wanaopendwa na mashabiki kama nyota wao, nayapenda toka moyoni. Video mpya ikitoka, wenzangu wanasikiliza wimbo, mimi nasimamisha picha. Natazama kola, marinda, mahali mkono ulipopachikwa. Mashabiki tunabishana usiku kucha kuhusu namna kampuni zinavyowauza wasichana hawa, nani kawekwa senta, yaani katikati mbele, nani kasukumwa nyuma. Mimi nasema tazama nguo. Itakwambia kama wanaouza wanamjua kila msichana au wanaiona safu tu.

Wanaonipa raha kuliko wote ni Perfume, watatu kutoka Hiroshima. Kashiyuka ana nywele ndefu zilizonyooka, za mbele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi. Nocchi ana nywele fupi. A-chan ni zile za mawimbi. Wameshikilia hivyo miaka nenda miaka rudi. Sasa njoo kwenye nguo: kitambaa kimoja, rangi ile ile, ila Nocchi mara nyingi anapewa kaptura, Kashiyuka sketi fupi, A-chan gauni. Zima taa zote ubaki na vivuli vitatu tu, utawataja kwa majina. Anayeshona anaujua ugumu wake. Kitambaa kimoja kukatwa mitindo mitatu, halafu wakisimama bega kwa bega waonekane kitu kimoja, halafu wacheze na viatu virefu bila nguo kupanda wala kufyatuka! Hiyo si kazi ya kulipua, na kwangu ndiyo tangazo lao kubwa.

Momoiro Clover Z wamepita njia ya rangi: nyekundu ya Momota Kanako, njano ya Tamai Shiori, waridi ya Sasaki Ayaka, zambarau ya Takagi Reni. Ni njia nyepesi zaidi, lakini inamfikia hata aliyekaa kiti cha mwisho uwanjani, na mashabiki wenyewe huja wamevaa rangi ya oshi wao, yule msichana wanayemshabikia. Ariyasu Momoka alipoondoka Januari 2018, kijani chake hakikurithiwa na mtu. Uamuzi huo naupenda sana.

AKB48 ndio mtihani wenyewe, kwa sababu ni wengi. Walianza 2005 katika ukumbi wa watu 250, ghorofa ya 8 ya jengo la duka la Don Quijote pale Akihabara, Tokyo, na wazo la mwanzilishi wao Akimoto Yasushi lilikuwa aidoru ambao shabiki anaweza kwenda kuwaona ana kwa ana. Ukiwatazama kwa mbali unaona sare ya shule tu. Simamisha picha. Huyu ana tai, yule ana riboni. Huyu koti limeishia kiunoni, mwenzake limeshuka. Kayano Shinobu, aliyesimamia mavazi yao kwa miaka mingi, alihakikisha nguo za wimbo mmoja hazifanani mia kwa mia. Mtu aliyesimama mstari wa tatu, ambaye kamera itampitia kwa nusu sekunde, naye amefikiriwa.

Ndiyo maana upande wa mauzo unaniuma. Kundi hilo hilo lilitia karatasi za kura ndani ya CD, na kuanzia 2009 hadi 2018 mashabiki wakawa wanachagua kila mwaka nani atasimama mbele. Aliye na pesa nyingi alipiga kura nyingi. Mwaka 2017 huko Fukuoka polisi walimpata mtu aliyetupa CD 585 mlimani. Wimbo umetungwa, umerekodiwa, nguo zimeshonwa, na vyote vimeishia kuwa bahasha ya karatasi ya kura. Hafla za kupeana mikono, ambapo shabiki aliyenunua CD anamshika mkono msichana mezani, sizilaani moja kwa moja, maana msichana asiyependelewa na kamera amepata pale nafasi ya kujijengea mashabiki wake mwenyewe. Lakini Mei 2014, huko Iwate, mtu mwenye msumeno aliwajeruhi wanachama wawili na mfanyakazi mmoja kwenye hafla ya namna hiyo ya AKB48. Ukaribu ukishageuzwa bidhaa, anayebeba hatari ni yeye aliyesimama nyuma ya meza.

Keyakizaka46, kundi jingine la wasichana, walipotokea Aprili 2016 na wimbo "Silent Majority", nilitazama ile video mpaka macho yakauma. Sare za kijani za mtindo wa kijeshi, Hirate Yurina wa miaka 14 katikati, hakuna tabasamu hata la dawa. Sare ilikuwa na sababu, kwani wimbo wenyewe unawaambia vijana wasikubali kufuata mkumbo. Oktoba mwaka huo huo wakapandishwa jukwaani na mavazi ya Halloween yaliyofanana na sare za Wanazi, na kampuni yao ya muziki, Sony Music, ikalazimika kuomba radhi. Wasichana hawakujichagulia nguo zile. Mtu mzima alichora, mwingine akapitisha, wengine wakashona, na katika mnyororo wote huo hakuna aliyesema hapana. Kama fundi, hilo sijaweza kulimeza.

Halafu kuna marufuku ya mapenzi, sharti la kumkataza aidoru kuwa na mpenzi, ambayo nayo ni sehemu ya kumpamba msichana auzike. Januari 2013 Minegishi Minami wa AKB48 alinyoa kichwa na kuomba radhi kwenye video, akilia, kwa sababu jarida lilimwandika kuwa alilala kwa mwanamume. Mahakama ya Tokyo mwaka 2015 ilimtoza aidoru mmoja wa zamani yen 650,000 kwa kuvunja sharti hilo. Januari 2016, katika kesi nyingine, jaji akakataa kumtoza aidoru fidia, akisema mapenzi ni haki ya mtu. Niko na huyo jaji wa pili.

Mimi sitaki kampuni ziache kuuza. Ziuze kile kilichofanywa vizuri. Mwaka 2017 kilitoka kitabu cha picha za mavazi ya AKB48, kimejaa nguo za miaka yao yote. Bidhaa ya namna hiyo nitailipia hata mara mbili. CD ya nne yenye wimbo ule ule na jalada jingine, hapana.