Kuilinda bunduki na kutu kwa kutumia kutu yenyewe

Kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji hugeuka magnetaiti: tabaka jeusi lenye ubuluu, lililoshikamana na chuma. Ndiyo siri yote ya njia hii ya zamani.

Hakikisha hamna risasi kwenye magazini wala chemba, kisha vua mbao. Kutu ya zamani iondoe kwa mafuta mepesi na sufi ya chuma namba 0000. Penye vishimo anza na msasa 220, kisha 320, uishie 400. Ukizidi kung'arisha, dawa ya kutia kutu itateleza na kutu itakosa pa kushika. Namba ya bunduki usiiguse. Kuifuta ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Kazi kubwa ni kuondoa mafuta. Osha kwa asetoni mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya, ukiwa na glavu. Alama moja tu ya kidole itabaki doa. Hata sufi ya chuma hutoka dukani na mafuta, nayo ioshe. Ziba mtutu pande zote mbili kwa vizibo vya mbao vilivyobana sana, maana hewa ya ndani ikipata moto hutanuka na kukisukuma nje kizibo kilicholegea.

Chovya pamba kwenye dawa ya kutia kutu, ikamue hadi ikaribie kukauka, pitisha mara moja, wala usirudie. Ning'iniza penye joto na unyevunyevu kwa saa kadhaa, mpaka chuma chote kionekane kama kimepakwa vumbi la tofali. Chemsha dakika 20 hadi 30 kwa maji yaliyotoneshwa. Ya bomba huacha madoa ya chokaa. Kitatoka na manyoya meusi kama mahameli. Yasugue taratibu kwa sufi ile, kisha rudia mzunguko mzima mara 5 hadi 8. Mara ya kwanza rangi huwa kijivu cha kukatisha tamaa, endelea tu.

Dawa za baridi za kupaka, zile zenye seleniamu zinazotia weusi bila kuchemsha, zinafaa kuficha mkwaruzo. Kinga yake dhidi ya kutu ni ndogo na hufutika upesi.

Baada ya mchemsho wa mwisho, paka mafuta chuma kikiwa bado na joto, ukiache usiku kucha. Tabaka hili lina vinyweleo na bila mafuta halizuii maji. Mfuko wa ngozi ni wa kubebea tu: ngozi hushika unyevu, na chumvi zilizobaki humo hula chuma kimyakimya.